Nishani ya Malkia na Taa ya Mwuguzi



Kila mtoto wa Kikatoliki ajua medali moja kabla ya nyingine zote, nayo ni ile ndogo ya Bikira Maria anayovikwa shingoni siku ya Komunyo yake ya kwanza. Wengi huivaa mpaka uzi ukatike. Ni wachache waulizao ilitoka wapi. Basi, mwaka 1830, katika mji wa Paris, novisi mmoja wa Mabinti wa Mapendo wa Mtakatifu Visenti wa Paulo, jina lake Katarina Labouré, alitokewa na Mama wa Mungu, akaagizwa kwamba medali hiyo ifanyizwe. Za kwanza zilipigwa mwaka 1832. Na Sista Katarina mwenyewe alipewa kazi gani? Alipelekwa katika nyumba ya wazee maskini, akawatumikia kwa muda wa miaka zaidi ya 40: kuwapikia, kuwafulia, kuwageuza kitandani, kukesha na wale waliokuwa wakikata roho. Medali yake ilienea duniani kote, na masista waliokaa naye meza moja hawakujua kwamba ni yeye. Alifariki siku ya 31 Desemba 1876.

Mwaka uleule wa 1876, mwezi wa Julai, alizaliwa katika nchi ya Bavaria binti wa mtawala ambaye sura yake ingekuja kuchorwa juu ya medali ya namna nyingine. Huyo ndiye Elisabeth, aliyekuwa malkia wa Wabelgiji, na ambaye mji wetu mkubwa wa Katanga ulichukua jina lake tangu mwaka 1910 hata 1966, ulipoitwa Lubumbashi. Juma hili nataka kuwaeleza habari za nishani hiyo, maana wanafunzi wangu waliiona picha yake katika kitabu cha zamani, wakaniuliza maswali ambayo hayakwisha kengele ilipolia.

Babaye Elisabeth, mtawala Karl Theodor, alikuwa mtu wa ajabu kidogo kati ya wenzake wa ukoo wa kifalme. Badala ya kuwinda na kucheza dansi alisoma udaktari, akawa fundi wa macho. Mwaka 1895 alifungua kliniki katika mji wa Munich, na maskini wengi walipata kuona tena kwa mikono yake. Binti alimsaidia babaye kazini, akajifunza mapema kwamba damu na usaha si vitu vya kukimbiwa. Mwaka 1900 aliolewa na Albert wa Ubelgiji. Mwaka 1909 Albert akawa mfalme, naye malkia.

Tarehe 4 Agosti 1914 majeshi ya Ujerumani yakaingia Ubelgiji. Fikirini shida ya mwanamke huyu: waliokuja kuiteka nchi ya mumewe ndio watu wa nchi aliyozaliwa. Kabla ya mwaka kwisha, karibu nchi nzima ilikuwa mikononi mwa adui, isipokuwa pembe ndogo nyuma ya mto Yser, upande wa bahari. Mfalme hakukimbilia ng'ambo. Alikaa na askari wake katika pembe hiyo, na malkia alikaa naye, mahali paitwapo De Panne.

Palikuwa pale pwani na hoteli moja ya wageni wa kiangazi, jina lake L'Océan, yaani Bahari Kuu. Mwezi wa Desemba 1914 daktari Antoine Depage aliigeuza kuwa hospitali ya Msalaba Mwekundu. Malkia alimsaidia kuianzisha na kuitunza, naye mwenyewe alikuwa akiingia humo, akishika bandeji na kuwasaidia wauguzi. Hapo ndipo watu walipoanza kumwita malkia mwuguzi. Kweli, magazeti yalilikuza jina hilo, kwa sababu nchi iliyopigwa yahitaji picha ya kuitazama. Waliobeba kazi ya usiku na mchana walikuwa wauguzi wenyewe, na majina ya wengi wao hayakuandikwa po pote. Lakini si haki kusema kwamba ilikuwa picha tupu. Malkia angaliweza kukaa salama Uingereza, hakukaa.

Hospitali ile ilikuwa shule vilevile. Siku zile majeruhi wengi hawakufa kwa risasi, walifa kwa jeraha kuoza. Depage alifuata njia ya daktari Alexis Carrel: kukata nyama iliyokufa, kisha kulisafisha jeraha mara kwa mara kwa maji yenye dawa ya klorini. Ni kazi ya uvumilivu kuliko ya ushujaa. Saa baada ya saa mtu apita na chombo chake cha dawa, kitanda kwa kitanda, na akisinzia, mgonjwa aharibika.

Mke wa daktari huyo, Marie Depage, alisafiri hata Marekani kuomba fedha za hospitali. Alipokuwa akirudi katika meli Lusitania, tarehe 7 Mei 1915, meli ilipigwa na nyambizi ya Kijerumani, akafa maji. Miezi mitano baadaye, tarehe 12 Oktoba 1915, katika mji wa Bruxelles, Wajerumani walimpiga risasi Edith Cavell, Mwingereza, kwa kuwa aliwaficha na kuwatorosha askari. Cavell alikuwa mkuu wa shule ya wauguzi iliyoanzishwa mwaka 1907 na Depage na mkewe. Tuseme wazi kwamba shule hiyo haikuwa ya masista, na Cavell, binti wa mchungaji wa Kianglikana, hakuwa wa Kanisa letu. Kabla ya hapo kazi ya kuuguza katika Ubelgiji ilikuwa hasa mikononi mwa watawa, na wengine waliitazama shule mpya kwa jicho la wivu. Vita viliwaweka wote kando ya kitanda kimoja, na yule aliyelala kitandani hakuuliza.

Katika hali hiyo, mwaka 1916, Mfalme Albert aliweka nishani yenye jina la mkewe. Haikuwa nishani ya kuua adui. Ilikuwa ya watu, wanaume na wanawake, Wabelgiji na wageni, waliojitolea kupunguza mateso ya Wabelgiji wakati wa vita: kuuguza katika hospitali, kuwalisha wakimbizi, kuwaangalia wafungwa na yatima. Wengi wa walioipata walikuwa wanawake, jambo ambalo halikuwa la kawaida katika nishani za wafalme. Malkia Victoria wa Uingereza alikuwa ametangulia mwaka 1883 kwa kuweka Msalaba Mwekundu wa Kifalme kwa ajili ya wauguzi wa jeshi lake, naye Florence Nightingale alikuwa kati ya wa kwanza kuupokea. Lakini nishani kama hizo zilihesabika upesi.

Nishani yenyewe ni ya bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati. Nasi watu wa Lualaba tukisikia shaba masikio husimama! Sisemi kwamba shaba ile ilitoka kwetu. Twajua tu kwamba katika miaka ile shaba iliyoyeyushwa Lubumbashi tangu 1911 ilisafirishwa Ulaya kutengenezea zana za vita. Na kabla ya tanuri za wazungu, babu zetu walikuwa wakiimimina shaba katika umbo la msalaba, si kwa kuuvaa kifuani bali kwa biashara na mahari.

Upande mmoja wa nishani ni sura ya malkia. Upande wa pili yuko mwanamke ameshika taa, na kuzunguka ukingo maneno ya Kilatini: PRO PATRIA HONORE ET CARITATE. Maana yake ni hii: kwa ajili ya nchi, kwa heshima na kwa mapendo. Wanafunzi wa Kilatini waangalie neno la mwisho. Caritas si huruma ya tajiri atupaye sarafu dirishani. Ndilo neno lilelile la katekisimu yetu, imani, matumaini na mapendo. Utepe wake ni wa rangi ya kijivu, kingo zake za waridi. Juu ya nishani pana taji la majani. Kwa wale waliosaidia kwa njia nyingine taji liliachwa wazi katikati, na kwa wale waliouguza wagonjwa liliwekwa humo msalaba mwekundu mdogo. Mwenye kujua kuitazama alitambua mara moja ni nani aliyeshika jeraha kwa mikono yake.

Sasa tugeuze macho upande wetu. Mwaka uleule wa 1916 vita vilevile vilikuwa vikipigwa Afrika. Jeshi la Kongo, chini ya jenerali Tombeur, liliingia katika nchi ya Waafrika iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani, na tarehe 19 Septemba likatwaa Tabora. Daktari mkuu wa jeshi hilo alikuwa Jérôme Rodhain, mtu ambaye wazee wa Bukama walimjua kabla ya vita, kwa sababu kati ya 1910 na 1912 aliongoza kundi la wataalamu waliochunguza ugonjwa wa malale katika Katanga, kando ya Lualaba yetu.

Lakini hapakuwa na pwani wala hoteli huko. Palikuwa na njia za miguu, mvua, na mizigo. Kongo peke yake ilitoa wapagazi zaidi ya 200,000. Huku kwetu na katika Rhodesia waliitwa tengatenga. Kwa Waingereza waliitwa Carrier Corps, na jina hilo likageuka Kariakoo, mtaa wa Dar es Salaam ambao wauza nguo wa leo hawaukumbuki ulianza kwa machozi ya nani. Walibeba unga, risasi na sanduku za dawa, na mtu akijeruhiwa walimbeba naye katika machela, siku nyingi, mpaka mahali penye daktari. Wengi wao walikufa, tena si kwa risasi, bali kwa kuhara damu, kwa kichomi, kwa njaa na uchovu. Mtu abebaye mgonjwa begani siku kumi, akimnywesha maji ya kibuyu chake mwenyewe, amefanya kazi gani ikiwa si ya kuuguza? Hata hivyo nishani ile ilifikiriwa kwa ajili ya hospitali za Flandria na wakimbizi wa Ulaya. Tengatenga hakuwa machoni pa aliyeandika amri ya mfalme. Alikwenda kwa kulazimishwa na chifu au serikali, na aliyepona alirudi kijijini na ujira wake mdogo.

Nilipofika hapa darasani, msichana mmoja aliinua mkono. Mamaye ni mkunga katika nyumba ya uzazi ya mtaani. Akasema, “Mwalimu, mama yangu yuko kazini tangu sijazaliwa. Usiku wakibisha hodi huamka. Nani atampa yeye nishani?” Kabla sijajibu, kijana wa nyuma akadakia, “Nishani ya nini, Mwalimu? Kaka yangu akichimba juma moja apata kuliko mamaye kwa mwezi.” Darasa likacheka, naye msichana akatazama chini.

Sikucheka, wala sikumkaripia kijana. Alisema ukweli wa Kolwezi. Chini ya miguu yetu iko kobalti, na Kongo huutolea ulimwengu zaidi ya nusu ya kobalti yote. Mtoto aona shimo likilipa leo, na hospitali ikilipa kesho au kesho kutwa. Wazazi wengi waniambia wazi: “Mwalimu, usimtie binti yetu mawazo ya uuguzi, atakufa maskini.” Hilo ndilo jambo linalonifanya niandike juu ya nishani, jambo ambalo kwa nje laonekana la anasa.

Nilimjibu msichana kwa habari iliyomo katika Matendo ya Mitume, sura ya tisa. Yafa alikuwako mwanamke Mkristu, jina lake Tabita, au Dorkasi. Akaugua, akafa. Petro alipoitwa na kuingia chumba cha juu, aliwakuta wajane wamesimama wakilia, nao hawakumsifu kwa hotuba. Walimwonyesha kanzu na nguo alizowashonea. Tazameni hapo: nguo zilikuwa juu ya miili yao. Mapendo ya Dorkasi hayakuandikwa juu ya kifua chake mwenyewe, yaliandikwa juu ya mabega ya wajane. Nikamwambia yule msichana, “Nenda sokoni Jumamosi na mama yako, uhesabu watoto watakaomkimbilia.” Akainua uso.

Walakini siwezi kuishia hapo, maana jibu hilo likikaa peke yake laweza kuwa uovu. Kumsifu mwuguzi kwa Maandiko na kumwacha bila mshahara si uchaji. Mtume Yakobo amewasema sana watu wanaozuia ujira wa vibarua wao, na sijaona mahali alipoandika kwamba vibarua wa hospitali hawamo. Nishani ya malkia ilikuwa ya watu waliojitolea wakati wa dhiki. Haikuwekwa ili kuwa badala ya chakula cha wenye kazi. Anayemtaka mwuguzi awe mtakatifu kila mwisho wa mwezi, naye mwenyewe ajipatie posho yake kwanza, amekosa haki na mapendo pamoja.

Upande wa pili upo pia, nao ni mchungu. Mara ngapi tumesikia katika nchi yetu mama aliyejifungua salama akizuiliwa katika wodi pamoja na mtoto wake kwa sababu ya deni? Hospitali yasema haina fedha ya dawa, mume yuko shimoni atafuta, juma lapita. Hapa parokia isingoje mfalme ye yote. Jumuiya ndogo ya Kikristu yenye familia ishirini yaweza kuweka sanduku la akina mama wazazi, kila familia kidogo kidogo kila juma, na mwenye kushika daftari awe mwanamke anayeogopwa kwa unyofu wake. Yaweza vilevile kupanga zamu ya kukesha na wagonjwa wasio na ndugu mjini, kwa maana wachimbaji wengi wamekuja kutoka mbali, na huku kwetu mgonjwa asiye na ndugu hana wa kumpikia. Kazi hiyo haihitaji diploma.

Wala tusidhani kwamba nchi yetu haijawahi kusimama juu ya mabega ya wauguzi wake. Uhuru ulipofika, tarehe 30 Juni 1960, Kongo haikuwa na daktari wake mzalendo aliyehitimu chuo kikuu. Palikuwa na wasaidizi wa waganga, watu waliosoma miaka mingi na kufanya kazi ya daktari bila jina la daktari. Ghasia za Julai zilipowaondoa Wabelgiji wengi, hao pamoja na wauguzi na masista waliobaki ndio waliofungua milango ya hospitali asubuhi. Baadaye wasaidizi kadhaa walipelekwa Ufaransa kumaliza masomo, wakarudi madaktari kamili. Na mwezi wa Mei 1978, vita vilipoingia hapa Kolwezi, na watu kwa mamia wakauawa, majeruhi walihitaji maji, bandeji na mtu wa kukaa karibu, kama huko De Panne.

Malkia yeye alifika Kongo pamoja na mfalme mwaka 1928, wakatembelea na Katanga. Mwaka 1930 ukaanzishwa mfuko wenye jina lake kwa ajili ya matibabu ya wananchi, FOREAMI, ulioanza kazi katika Kongo ya Chini: makundi ya waganga na wauguzi yakienda kijiji kwa kijiji, yakiwapima watu wote, wazima na wagonjwa, kutafuta malale na magonjwa mengine. Mengi ya utawala ule hayasifiki, na wananchi waliitwa kupimwa wapende wasipende. Hata hivyo, njia hiyo ya kumfuata mgonjwa kwake kabla hajaanguka ni njema, na laiti ingetufikia leo katika kambi za wachimbaji.

Nishani hazikwisha na wafalme. Sista Catherine Mutindi, mtawa Mkenya wa Shirika la Mchungaji Mwema, alianza kazi hapa Kolwezi mwaka 2012 kati ya familia za machimbo, akiwatoa watoto mashimoni na kuwarudisha shuleni, na kuwafundisha akina mama njia nyingine za kupata riziki. Mwaka 2019 alipewa Tuzo ya Opus huko Marekani, na tuzo hiyo ilikuja na dola 1,000,000 kwa ajili ya kazi. Mimi napenda namna hiyo ya heshima. Taji la majani lina uzuri wake, lakini shule yahitaji madawati.

Malkia Elisabeth alifiwa na mumewe mwaka 1934, Albert alipoanguka kutoka jabali. Katika vita vya pili aliwaombea Wayahudi waliotaka kupelekwa kuuawa, na kwa ajili hiyo mwaka 1965 Waisraeli walimwandika kati ya Wenye Haki wa Mataifa. Alifariki tarehe 23 Novemba mwaka huohuo. Nishani zenye sura yake sasa zauzwa na wafanyabiashara wa vitu vya kale, zenye msalaba mwekundu katikati na zisizo nao, na majina ya waliozivaa mara nyingi yamepotea.

Mwanafunzi mmoja ameniuliza kama msalaba mwekundu ulianza na chama cha Geneva cha mwaka 1863. La, si hivyo. Tangu mwaka 1586 wako watawa wauguzi waliouvaa kifuani kwa idhini ya Papa Siksto wa Tano, na mwanzilishi wao, Kamilo wa Lellis, alikuwa askari na mcheza kamari aliyepoteza hata shati lake. Habari zake, Mungu akipenda, juma lijalo.